Dar mpaka Mbeya kwa treni ya TAZARA: mwongozo kamili kwa anayetaka kuiona nchi dirishani

Kila anayeniuliza kuhusu treni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, anaanza na "inafika saa ngapi?" na mimi huwa namrudishia, we unataka kuona nini? Maana kama shida yako ni kufika Mbeya tu, panda basi la alfajiri, usiku huohuo uko kwa watu wako unakula. Treni ni habari nyingine kabisa. Barabara ya lami inapita Morogoro, Mikumi, Iringa, reli yenyewe ikitoka Dar inakata kusini magharibi, inaingia hifadhini, inashika bonde la Kilombero chini ya milima ya Udzungwa, halafu inapanda milima ambayo hamna basi linalopita, ndo inakuja kukutana na barabara pale Makambako. Yaani barabara na reli vinaachana Dar na vinaonana tena Makambako, na katikati hapo kuna nchi nzima ambayo abiria wa basi hajawahi kuiona hata siku moja.

Nimeshapanda hii treni mara kadhaa, kwenda na kurudi, na nilichojifunza ni kwamba safari hii unaipanga kwa kufuata jua. Uzuri wote uko kwenye vipande vitatu vinne vya njia, na ukivipita usiku umelala, utashuka Mbeya unasema "mbona sijaona kitu" na hela yako imeshakwenda. Kwa hiyo nitaeleza kila kitu kuanzia tiketi mpaka kushuka, ila hilo la jua naomba lisikutoke kichwani, nitalirudia.

Kwanza hakikisha unaenda stesheni sahihi

Naanza na hili kwa sababu watu wanakosea kila siku. TAZARA siyo TRC, Shirika la Reli Tanzania. Ile treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa, inayokwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024, na ile ya zamani ya reli ya kati inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza, hizo ni za TRC na zinaondokea upande wa mjini. TAZARA ina jengo lake kubwa pale makutano ya barabara ya Nyerere na Mandela, pembeni ya flaiova ya Mfugale, ukimwambia konda wa daladala ya Gongo la Mboto akushushe Tazara anakuelewa hapohapo. Hata reli zenyewe hazifanani, ya kati ile ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR 1,435, TAZARA 1,067, ndo maana treni ya huku haiwezi kuingia kule, na mizigo inayotoka reli moja kwenda nyingine inabidi ihamishwe pale Kidatu.

Reli yote ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Upande wetu ni kilomita 975 mpaka mpakani Tunduma. Mimi hapa naongelea zaidi Dar–Mbeya, kama kilomita 850, kwa sababu ndo kipande chenye utamu mwingi na hakihitaji pasipoti. Wa Zambia nitawagusia mwishoni.

Ratiba, na kwa nini uulize upya kila mara

Kwa miaka mingi treni za abiria zimekuwa mbili kwa wiki kutoka Dar, ya kawaida Jumanne na ekspresi Ijumaa. Ya kawaida ilikuwa inaondoka 13:50 na ekspresi 15:50. Hapa angalia sana, saa za kwenye tiketi ni za kizungu, 13:50 ni saa saba na dakika hamsini mchana, 15:50 ni saa tisa na dakika hamsini alasiri, nimeshaona mtu anafika stesheni na mabegi yake treni imeshaondoka kwa kuchanganya hizi saa.

Ila usipange likizo yako kwa ratiba uliyosoma mahali, hata hii niliyoandika mimi. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua reli hii, na kwenye ukarabati wa namna hiyo ratiba inaweza kupanguliwa, siku zinahamishwa, au huduma ya abiria inasimama kwa muda. Nenda stesheni mwenyewe au mtume mtu, wiki mbili kabla, uliza kama treni inatembea wiki hiyo, af uliza tena siku mbili kabla ya safari. Usiishie kupiga simu, dirishani ndo utapata jibu la uhakika.

Na ukiwa pale dirishani usiulize "tunafika Mbeya saa ngapi" peke yake. Uliza hivi: tunapita Kisaki saa ngapi, tunafika Mlimba saa ngapi, tunafika Makambako saa ngapi. Hayo majina matatu ndo yatakuambia utaona nini.

Panga kwa jua

Sasa sikiliza vizuri. Njia ya Dar mpaka Mbeya ina sehemu nne za kutazama. Ya kwanza ni hifadhi, kati ya Fuga, Matambwe na Kisaki, ile sehemu iliyokuwa Selous na ambayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hapo ndo kuna wanyama. Ya pili ni Kilombero, kutoka Kidatu, Mang'ula mpaka Ifakara, milima ya Udzungwa imekusimamia upande mmoja na mashamba ya miwa na mpunga upande wa pili. Ya tatu, na kwangu mimi ndo mfalme wa zote, ni kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako. Ya nne ni Usangu, kutoka Makambako kupita Rujewa, Chimala na Igurusi mpaka Mbeya.

Ukitoka Dar na ekspresi ya alasiri, giza linakukuta kabla hujafika kwenye wanyama. Kilombero unaipita usiku wa manane. Ila asubuhi kunapambazuka uko milimani, unapanda kwenda Makambako, na mchana wote Usangu ni yako. Ile ya kawaida inayoondoka mapema inakupa nafasi ya kuambulia wanyama jioni jioni, lakini inasimama kila kituo kwa hiyo jiandae kukaa.

Ukitoka Mbeya kurudi Dar inageuka. Unaondoka mchana, Usangu unaiona jioni, mlima unaushuka usiku, na asubuhi unaamkia tambarare, halafu hifadhi unaikuta kukiwa kumekucha vizuri, na ndo muda wanyama wako karibu na reli.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayetaka vyote ni moja, nenda na treni rudi na treni. Ukiwa na nafasi ya upande mmoja tu chagua: anayetaka milima na mahandaki atokee Dar, anayetaka twiga na swala atokee Mbeya. Na kama treni imechelewa usinune kabla hujafikiria, reli ni ya njia moja, treni zinapishana stesheni tu, ya abiria inaweza kukaa pembeni kusubiri ya mizigo ya shaba ipite, na ucheleweshaji huo mara nyingine unakupa zawadi, Mlimba ambayo ungeipita gizani unaipita saa mbili asubuhi jua limewaka.

Msimu nao. Juni mpaka Oktoba ni kukavu, wanyama wanaonekana vizuri kwa sababu majani yamekauka, ila vumbi lipo na Makambako ni baridi haswa, hasa Juni na Julai. Machi mpaka Mei ni kijani mpaka unashangaa, maporomoko yanatiririka milimani, lakini ndo kipindi mvua inaweza kukata njia Kilombero, kwa hiyo mwenye mtihani au harusi kesho yake asipande treni kipindi hicho.

Tiketi na daraja

Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, viwili chini viwili juu. Daraja la pili la kulala ni vitanda sita, vitatu kila upande. Halafu kuna viti, vya daraja la pili na vya la tatu. Vyumba vya kulala vinagawanywa kwa jinsia, wanaume kwao wanawake kwao, kwa hiyo mke na mume au familia mkitaka kuwa pamoja inabidi mnunue chumba kizima, yaani vitanda vyote vinne au sita. Dada anayesafiri peke yake mgawanyo huu unamsaidia, analala na wanawake wenzie na mlango una komeo ndani.

Ushauri wangu, kama hela inaruhusu chukua la kwanza, kama haitoshi chukua la pili la kulala, usikae kwenye kiti usiku kucha kwa safari ya masaa zaidi ya ishirini labda uwe kijana wa chuo na hela ni ngumu kweli. Tofauti ya la kwanza na la pili siyo kubwa kiasi cha kuumiza, lakini tofauti ya vitanda vinne na sita inaonekana pale kila mtu anapoingiza mabegi yake na ndoo na kiroba cha mchele.

Kuhusu kitanda, watu wanagombania cha chini. Cha chini kina faida, uko karibu na dirisha, lakini mchana kinakuwa kiti cha wote, huwezi kujilaza. Cha juu una faragha yako saa yoyote na begi lako liko kichwani kwako. Mimi nachukua cha chini kwa ajili ya dirisha tu. Mtu mzima au mjamzito achukue cha chini bila mjadala, treni hii inarusharusha, kuna vipande inayumba mpaka chai inamwagika, kupanda na kushuka ngazi usiku siyo mchezo.

Nunua mapema, vyumba vya kulala vinajaa kwanza, hasa Disemba watu wa Mbeya wanapokwenda kula sikukuu nyumbani. Nenda na kitambulisho. Na ukishapewa tiketi isome palepale dirishani, tarehe, namba ya behewa, namba ya chumba, kabla hujaondoka.

Vya kubeba

Maji. Nakuambia maji kabla ya kitu kingine chochote. Lita tano kwa mtu mmoja haziwi nyingi, kwa sababu safari ya masaa ishirini na kitu inaweza kuwa ya thelathini, na maji ya bombani chooni yanaweza kuisha katikati ya njia, utataka ya kunywa, ya kupiga mswaki na ya kunawa uso. Safari yangu ya kwanza nilibeba chupa mbili ndogo nikidhani nitanunua njiani, ikafika saa nane usiku tumesimama porini kusubiri kupishana, koo limekauka, mama mmoja wa Mlimba niliyekuwa nasafiri naye behewa moja ndo akanigawia ya kwake kwenye kidumu na ndizi mbili juu. Tangu siku hiyo nabeba ya kwangu na ya kumgawia mtu.

Kingine ni tishu na sabuni, tochi, pawabenki iliyojaa (soketi usizitegemee), kanga au shuka lako jepesi hata kama matandiko yapo, sweta au jaketi maana unatoka Dar kwenye joto la bahari unakwenda kupanda mpaka mita 1,789 juu ya usawa wa bahari pale Uyole, ndo sehemu ya juu kabisa ya reli nzima. Dawa ya mbu ya kujipaka, Kilombero ni bonde la maji na madirisha yanakuwa wazi. Dawa zako za kila siku kama unatumia, weka za siku mbili za ziada. Na hela taslimu ya noti ndogondogo, kina mama wa stesheni hawana chenji ya elfu kumi, na sehemu kubwa ya njia mtandao unakatika kwa hiyo hata hiyo ya kwenye simu haitakusaidia.

Chakula beba cha usiku wa kwanza tu. Mengine utakula humo humo na njiani.

Siku yenyewe

Fika stesheni masaa mawili kabla. Jengo lina ukumbi mkubwa wa kusubiria, keti, kunywa maji, angalia watu, maana hii treni ni ya watu wa njiani zaidi kuliko watalii, ina mama mwenye mabeseni ya kwenda kuuza Ifakara, mwanafunzi, mzee aliyetoka hospitali Muhimbili anarudi kwao. Geti likifunguliwa watu wanakimbia, we mwenye kitanda usikimbie, kitanda chako kina namba.

Ukiingia chumbani salimia kwanza. Wakubwa shikamoo, wengine habari za saa hizi, jitambulishe unashukia wapi. Hiyo siyo adabu tu, ndo ulinzi wako, maana watu wa chumba kimoja wanaachiana mizigo wakienda chooni au kwenye behewa la chakula, na anayeshukia Mlimba saa tisa usiku lazima wenzake wajue ili asije akaamshwa na stesheni imeshapita. Begi kubwa liweke chini ya kitanda, la simu na hela lala nalo. Usiku treni ikisimama stesheni shusha dirisha ufunge, siyo kwamba watu wa huko ni wabaya, ila mkono wa mtu ukipita dirishani kwenye giza huwezi kujua ni wa nani.

Mhudumu wa behewa atapita kuuliza chakula, anaweza kukuletea chumbani lakini mimi nasema nenda mwenyewe kwenye behewa la chakula. Wali kuku, wali samaki, ugali, asubuhi chai, mayai na mkate, chakula cha kawaida kinachotoka moto. Nenda mapema, samaki wakiisha wameisha. Na kule ndo kuna madirisha pande zote mbili, ukipata meza kabla ya jua kuzama umekaa sehemu nzuri kuliko zote kwenye treni.

Njiani, kipande kwa kipande

Masaa ya mwanzo kutoka Dar ni mikorosho, minazi, vijiji na watoto. Watoto watakimbia pembeni ya reli wakiita "chupa! chupa!" wanataka chupa tupu za maji, kwao zina kazi nyumbani. Usirushe treni ikiwa kwenye mwendo, mtoto anaweza kukimbilia chini ya behewa, subiri isimame umpe mkononi.

Ukianza kuona miti imefungamana na nyumba zimeisha, umekaribia hifadhi. Fuga, Matambwe, Kisaki. Zima taa ya chumbani kama kuna mwanga kidogo umebaki nje, macho yatazoea. Wanaoonekana mara nyingi ni swala, twiga, ngiri, nyani, pundamilia, na tembo kwa bahati. Usitegemee treni isimame uwapige picha, we angalia kwa macho kwanza, simu baadaye, mara ngapi mtu anahangaika kufungua kamera twiga ameshabaki nyuma.

Kidatu ni pale mto Ruaha Mkuu unapotokea milimani, bwawa la umeme la megawati 204 liko hapo na kiwanda cha sukari cha Kilombero kiko jirani, kama ni msimu wa kuvuna miwa utasikia harufu tamu inayoingia dirishani hata usiku. Kutoka hapo kwenda Ifakara ukiwa unatokea Dar milima ya Udzungwa iko mkono wako wa kulia. Pale Mang'ula ndo makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa, ilianzishwa 1992, na anayetaka anaweza kushuka hapo akalala siku mbili akapanda mpaka maporomoko ya Sanje, yanashuka kama mita 170. Kuna kima kwenye milima ile, mbega mwekundu wa Udzungwa, nje ya eneo hilo hapatikani popote duniani. Mimi nimeshafanya hivyo mara moja, nikashuka Mang'ula nikaendelea na treni iliyofuata, lakini piga hesabu ya siku vizuri kwa sababu treni siyo daladala.

Ifakara kama uko macho nunua kitu. Kina mama wanakuja na mabeseni kichwani, ndizi, samaki wa kukaanga, wali wa Kilombero ule wenye harufu. Bei ulizana kwa heshima, usibane sana, huyo mama kaamka usiku kwa ajili ya treni moja.

Halafu Mlimba. Weka alamu. Kama ratiba uliyopewa inasema mnafika Mlimba saa kumi usiku, weka alamu saa kumi na moja, uwe umevaa sweta umekaa dirishani kabla hakujapambazuka. Kutoka hapo mpaka Makambako ni kilomita kama 158 na ndo kipande kilichowatesa wajenzi kuliko chote. Mahandaki mengi ya reli hii yako hapa, madaraja yamepangana, treni inapanda polepole inajikunja mpaka kwenye kona unakiona kichwa chake kule mbele kinaingia mlimani wakati behewa lako bado liko juu ya daraja. Ukungu uko bondeni chini yako. Daraja la mto Mpanga usilikose, nguzo zake zimepanda kama mita 50 kutoka bondeni, ukichungulia chini tumbo linashuka. Kwenye handaki ingiza kichwa na mikono ndani, kuta ziko karibu, na dirisha lifunge kidogo moshi wa injini usijae chumbani.

Safari moja nilikaa hapa na mzee aliyekuwa anashukia Makambako. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kimya mpaka tulipotoka kwenye handaki la pili ndo akaniambia, "mwanangu, hapa mimi nimebeba zege." Alikuwa kijana wa JKT. Akanieleza walivyolala kwenye mahema, mvua za Mlimba, udongo ukianguka usiku wanaanza upya asubuhi, Mchina, Mtanzania na Mzambia wanakula sehemu moja. Wazungu walishaombwa hela ya reli hii miaka ya 60 wakasema haina faida. Zambia ilikuwa imebanwa, shaba yake inapita kwa walowezi wa Rhodesia, na Mwalimu na Kaunda wakaenda China. Ujenzi ukaanza 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi hii, makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar, na wa kwetu pia walikufa. Mzee hakuwa anajisifu. Alikuwa anahesabu mahandaki kwa vidole, kila likipita anakunja kimoja. Kwa hiyo ukipita pale, hata kama una usingizi, kaa macho.

Makambako treni inasimama muda wa kutosha, shuka unyooshe miguu, baridi itakupiga, kunywa chai ya moto na mahindi ya kuchemsha au viazi. Kutoka hapo nchi inafunguka. Mkono wa kushoto unaona safu ya milima ya Kipengere inakwenda na wewe masaa mengi, mkono wa kulia ni tambarare ya Usangu, mibuyu, ng'ombe wa wafugaji, majaruba ya mpunga kuanzia Rujewa mpaka Igurusi. Hiki ni kipande cha kukaa tu. Watu wa chumbani mmeshazoeana, mtu anatoa karanga, mwingine anatoa parachichi, stori zinakwenda, na treni inapanda tena taratibu kwenda Uyole mpaka mlima Mbeya unaonekana mbele.

Kushuka Mbeya, na wanaoendelea

Stesheni ya Mbeya haiko mjini kati, iko upande wa Iyunga kwenye barabara ya Tunduma. Nje utakuta daladala, bajaji na teksi, kubaliana bei kabla hujapanda, na kama treni imeingia usiku chukua teksi pamoja na mtu mliyekuwa nae chumba kimoja. Usikate tiketi ya basi la kuunganisha siku hiyohiyo, acha usiku mmoja katikati, hata kama treni imekuja kwa wakati mwili utakushukuru.

Wa Zambia, nyie mnabaki ndani. Treni inaendelea Tunduma, uhamiaji wanaingia kwenye mabehewa kugonga mihuri, upande wetu kwanza, halafu Nakonde upande wao. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia ila pasipoti iwe hai, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kaa nayo karibu. Wabadilisha hela watajaa dirishani, badilisha kidogo tu ya kutumia ndani ya treni, hesabu noti mwenyewe kabla hujatoa yako, na ujue kiwango cha kwacha kabla hujafika, siyo uambiwe na yeye. Saa rudisha nyuma saa moja. Kutoka hapo ni Kasama, Mpika, Serenje, misitu ya miombo mirefu na vijiji vya mbalimbali, milima inapungua, mpaka Kapiri Mposhi ambako reli inaishia na unachukua basi kama kilomita 200 kufika Lusaka.

Kurudi

Unaporudi kutoka Mbeya geuza kila kitu nilichosema kuhusu pande, Kipengere kulia, Udzungwa kushoto. Tiketi ya kurudi iulizie siku ileile unayoshuka, kabla hujatoka stesheni, kwa sababu treni inayotoka Zambia inakuja tayari ina watu. Lala mapema usiku huo, safari hii mlima unapita gizani na hamna utakachoona. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshanawa uso. Mwombe mhudumu wa behewa akuambie mkishapita Kisaki, watu wengi wa njia hii wameshawaona wanyama hao mara mia hawatakuamsha. Simama kwenye korido, siyo chumbani, ili uweze kuhama dirisha la huku na la huku, zima muziki, na angalia kwenye mbuga zilizo wazi karibu na maji, twiga wa asubuhi anasimama palepale anaiangalia treni mpaka behewa la mwisho lipite.